Jiwe Lenye Jina la Mwalimu

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya mawe na juu ya karatasi. Huenda ukajiuliza vitu hivi viwili vimekutana wapi. Nakuomba unisikilize kwa subira, kwa maana vina ukoo mmoja, na habari yao inatuhusu sisi wenyewe kuliko tunavyodhani.

Nianze na swali. Ni madini gani yenye jina la Tanzania? Mtoto wa shule ya msingi atajibu upesi: tanzanaiti. Jibu hilo ni sahihi sokoni na ni sahihi kwa sonara. Lakini katika daftari la dunia la wataalamu wa madini jina hilo halimo. Kwao tanzanaiti si aina mpya ya madini. Ni sura nyingine ya madini ya zamani yaitwayo zoisaiti, yaliyopewa jina huko Ulaya mwaka 1805.

Sasa swali la pili. Je, unajua kwamba yapo madini yaliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere? Yanaitwa nyerereaiti. Hayavaliwi kidoleni wala hayauzwi dukani. Ukiyaacha nje penye unyevu, hugeuka kuwa kitu kingine. Lakini katika daftari lile lile ambalo tanzanaiti imekosa nafasi, nyerereaiti imeandikwa kama aina kamili, inayojitegemea. Kwa nini jiwe maarufu likakosa nafasi, na jiwe lisilojulikana likaipata? Hapo ndipo penye somo la leo.

Mgeni anapohamia mtaani kwetu, mjumbe wa nyumba kumi humwuliza mambo mawili. La kwanza: wewe ni nani? La pili: nani anakufahamu hapa? Na jiwe geni huulizwa hayo hayo. La kwanza ni kitu gani hiki? La pili, je, kuna mtu aliyekwisha kukisema kabla yetu? Swali la kwanza hujibiwa kwa vyombo vya maabara. Swali la pili hujibiwa kwa karatasi, na mara nyingi ndilo gumu zaidi.

Tuchukue swali la kwanza. Mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, kusini ya Mlima Kilimanjaro, yalipatikana mawe ya rangi ya buluu inayoelekea zambarau. Jumanne Ngoma ndiye ambaye serikali yetu ilikuja kumtambua kuwa mgunduzi wake. Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyependa kutafuta madini, naye alijiandikisha kuchimba huko mwaka huo huo. Wakati wa kwanza ilidhaniwa kwamba ni yakuti ya buluu. Lakini rangi ya jiwe ni kama nguo. Mtu akivua kanzu nyeupe akavaa ya buluu, hawi mtu mwingine.

Wataalamu huangalia mambo mawili tu. Jiwe limeundwa kwa elementi gani, na chembe zake zimepangwa vipi ndani. Ujuzi wa kuona mpangilio huo ulianza mwaka 1912, pale Max von Laue na wenzake mjini Munich walipopitisha eksirei ndani ya fuwele. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, baba na mwana, William na Lawrence Bragg, wakaonyesha namna ya kusoma alama zinazotokea. Kama umepita kwa basi kando ya shamba la mkonge, umeona jambo linalofanana na hilo. Unatazama, ni msitu wa majani tu. Basi likisogea kidogo, ghafla mistari inafunguka, unaona njia iliyonyooka hadi mwisho wa shamba. Likisogea tena, mistari inafunguka upande mwingine. Mtu mwenye hesabu nzuri anaweza kukaa ndani ya basi akakuambia miche imepandwa umbali gani, bila ya kushuka. Eksirei hufanya hivyo kwa fuwele, na kila aina ya madini ina shamba lake.

Jiwe la Mererani lilipopimwa lilionekana kuwa na shamba lile lile la zoisaiti: kalisi, aluminiamu na silika, katika mpangilio ule ule. Tofauti ilikuwa chembe chache sana za vanadi, ambazo ndizo zilizoleta ile rangi ya ajabu. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikaliita tanzanaiti, kwa kuwa jina la nchi linauza kuliko jina la zoisaiti. Biashara ikapata jina lake, lakini daftari la elimu likabaki kama lilivyokuwa.

Daftari hilo lina wenyewe. Mwaka 1958 kilianzishwa Chama cha Kimataifa cha Madini, na mwaka uliofuata chama hicho kikaunda kamati ya kuamua juu ya madini mapya na majina yake. Kabla ya hapo kila profesa aliweza kutoa jina apendavyo, na jiwe moja likawa na majina matatu katika nchi tatu. Sasa anayedai kuwa amepata madini mapya hupeleka maelezo yote: elementi zake, mpangilio wake, uzito wake, ugumu wake, jina analopendekeza, na ahadi kwamba kipande cha jiwe lenyewe kitawekwa katika makumbusho, ili anayeshuku aende akapime mwenyewe. Kisha wajumbe hupiga kura. Hadi sasa daftari lina aina zaidi ya 6,000. Ukiona mikufu na pete zote katika maduka ya mjini, hujaona hata mia moja ya aina hizo.

Sasa twende kwenye jiwe la Mwalimu. Kusini ya Ziwa Natron kuna mlima wa volkano wenye urefu wa karibu mita 2,960. Wamasai huuita Oldoinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Mwaka 1960 mjiolojia mmoja wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, J. B. Dawson, alifika kwenye shimo lake na kuona lava isiyofanana na lava ya mahali pengine popote. Lava ya kawaida hutoka ikiwa nyekundu na moto wake hupita nyuzi 1,000. Hii ilikuwa nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, na moto wake ulikuwa kiasi cha nusu tu ya huo. Ilipokaa ikapata unyevu wa hewa, ikageuka nyeupe. Watu wa mbali wanaweza kudhani kwamba kileleni kuna theluji. Sivyo. Ni magadi, ndugu zangu, ndugu wa magadi yale yale tunayotia katika maharage ili yaive upesi. Mlima ule unatapika magadi ya moto.

Dawson aliandika habari hiyo katika jarida la Nature mwaka 1962, na makala yake fupi ilikata shauri la miaka mingi. Kulikuwa na miamba iitwayo kabonataiti, iliyofanana na chokaa lakini imekaa katikati ya mabaki ya volkano za kale. Wataalamu wengine walisema ni chokaa ya kawaida iliyokokotwa na volkano. Wengine wakasema la, ilitoka chini ya ardhi ikiwa imeyeyuka. Mwaka 1960 P. J. Wyllie na O. F. Tuttle walikuwa wameonyesha katika maabara kwamba jambo hilo linawezekana kwa joto lisilo kali sana. Sasa Oldoinyo Lengai ukaonyesha kwa macho kwamba linatokea.

Ndani ya lava hiyo mlikuwa na madini yaliyoundwa kwa magadi na chokaa pamoja, yasiyokuwamo katika daftari. Jina la nyerereaiti likapitishwa mwaka 1963, wakati Mwalimu alikuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Lakini kazi haikuwa rahisi, kwa kuwa jiwe hilo huharibika likipata unyevu. Kipande hakina budi kufungwa vizuri kisiguswe na hewa, la sivyo kitafika maabara kikiwa kingine. Maelezo yake kamili yalitolewa na D. McKie na E. J. Frankis mwaka 1977 katika jarida la Ujerumani, miaka kumi na minne baada ya jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakafuata madini mengine ya lava hiyo hiyo, gregoriaiti, yenye jina la J. W. Gregory, mjiolojia aliyepita katika Bonde la Ufa mwaka 1893.

Hebu fikiri sasa. Jina mwaka 1963, maelezo mwaka 1977, ndugu yake miaka ya 1980. Moja limeandikwa Uingereza, jingine limechapwa Ujerumani. Mwanafunzi aliye Dodoma au Nairobi atajuaje kwamba haya yote ni kamba moja? Hapa tunafika kwenye swali la pili la mjumbe wetu: nani anakufahamu?

Tatizo hili lilikuwa la elimu zote, wala si la mawe peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Derek de Solla Price, aliyekuwa mwalimu Singapore, alitunza nyumbani kwake mabuku ya jarida kongwe la Royal Society ya London, lililoanza mwaka 1665. Aliyapanga karibu na kitanda chake kwa miaka kumi kumi. Akagundua kwamba marundo hayakupanda polepole kama ngazi, bali yalipanda kwa kuzidishana, kama sungura wanavyozaana. Karatasi za elimu zilikuwa zinaongezeka kuliko macho ya kuzisoma.

Dawa ilipatikana kwa wanasheria. Mwaka 1873 huko Illinois, Marekani, mtu mmoja aitwaye Frank Shepard alianza kuchapa orodha za kesi. Wakili alitaka kujua: hukumu hii ninayoitegemea, je, majaji waliofuata wameikubali au wameitengua? Orodha ya Shepard ilimwonyesha kila kesi ya baadaye iliyoitaja. Eugene Garfield, kijana wa New York aliyekuwa akihangaika na orodha za makala za utabibu, aliona kwamba wanasayansi nao wanaweza kutumia njia hiyo. Mwaka 1955 akaandika pendekezo lake katika jarida la Science. Miaka michache baadaye taasisi yake ya Philadelphia ikatoa faharasa ya marejeo ya sayansi. Toleo la kwanza lilichambua majarida 613 ya mwaka 1961, na ndani yake mlikuwa na marejeo milioni 1.4.

Faida yake ni hii. Makala ya kitaalamu ni kama mtoto, humtaja baba yake na babu yake. Lakini babu hawezi kuwataja wajukuu ambao hawajazaliwa. Faharasa ya Garfield humwita babu na kumwonyesha wajukuu wote. Unaanza na makala ya Dawson ya mwaka 1962, na unapata waliomtaja baadaye, hata kama wameandika Canada au Urusi, hata kama neno Lengai halimo katika vichwa vya makala zao.

Wapo miongoni mwetu ambao jambo hili si geni kwao. Waliosoma vyuoni huko Lamu, Unguja au Bagamoyo wanajua isnadi: sheikh fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kwenye chimbuko. Elimu isiyo na mnyororo hutiliwa shaka. Garfield alichofanya ni kuukusanya mnyororo wa kila jarida alilolifikia na kuupanga ili usomeke kutoka pande zote mbili.

Baada yake wengine wakaanza kuchora ramani. M. M. Kessler wa chuo cha MIT alisema mwaka 1963: ukiona makala mbili zinataja vitabu vile vile vya zamani, basi zina undugu. Ni kama vijana wawili, mmoja wa Kigoma na mmoja wa Tanga, wanaomsalimu mzee mmoja kwa jina la mwalimu wangu. Mwaka 1973 Henry Small wa Marekani, na kwa upande wake Irina Marshakova wa Urusi ya Kisovieti, wakaja na njia nyingine. Wao walitazama kazi mbili za zamani ambazo watu wa baadaye huzitaja pamoja. Kama wazee wawili hualikwa katika kila arusi pamoja, wewe mgeni utajua kwamba wana jambo linalowaunganisha, ingawa hujawaona wakizungumza. Ukihesabu mialiko mingi ya namna hiyo, unapata ramani: hapa ndipo mji wa wataalamu wa kabonataiti, pale wa almasi, na hii ndiyo njia inayounganisha.

Ramani hizi zina thamani ya fedha pia. Kabonataiti ndiyo miamba yenye niobi katika kilima cha Panda kule Mbeya na Mrima kule Kwale, na ndiyo iliyolisha saruji ya Tororo nchini Uganda. Madini adimu yanayotafutwa leo kwa ajili ya mitambo ya umeme hutafutwa katika miamba ya ukoo huo. Anayejua nani alisema nini juu ya miamba hiyo huanza safari akiwa mbele. Asiyejua hulipa mara ya pili kwa jambo lililokwisha kufahamika.

Lakini, ndugu msikilizaji, kila ramani ina mahali peupe. Ramani ya marejeo huonyesha madeni yaliyoandikwa tu. Deni ambalo halikuandikwa, haina habari nalo.

Tazama. Zoisaiti ina jina la Sigmund Zois, tajiri wa Ljubljana aliyekusanya mawe. Jiwe lenyewe alipelekewa na mfanyabiashara wa madini kutoka milima ya Austria. Jina likaenda kwa mwenye kabati. J. W. Gregory alikwenda Bonde la Ufa na msafara wa wapagazi. Mizigo ilikuwa mabegani mwao, na leo madini yana jina la Gregory. Jumanne Ngoma alipewa hati na serikali yetu mwaka 1984, miaka kumi na saba baada ya 1967. Mwaka 2018 Rais Magufuli alimkabidhi shilingi milioni 100, na Januari 2019 mzee huyo akafariki dunia. Hakuandika makala katika jarida la kitaalamu. Basi chora ramani nzuri uwezavyo ya maandishi juu ya tanzanaiti: jina lake halitakuwa katika chimbuko la mistari.

Wala si wachimbaji peke yao. Katika majarida yale 613 ya mwanzo, yaliyotawala ni ya Marekani na Ulaya. Sisi tulikuwa na Idara ya Jiolojia Dodoma tangu mwaka 1925, na jarida la Tanganyika Notes and Records tangu mwaka 1936. Ripoti na makala nyingi za namna hiyo zilikaa kabatini bila ya kuhesabiwa. Asiyehesabiwa haonekani, asiyeonekana hatajwi, na asiyetajwa huambiwa hana elimu. Huo ni mduara mbaya. Juhudi za kuuvunja zipo. Tangu mwaka 1998 upo mpango wa kuweka majarida ya Kiafrika kwenye intaneti ili yasomwe na yatajwe popote. Lakini mpango hauwezi kutusaidia kama hatuandiki, au kama tukiandika hatutajani wenyewe kwa wenyewe. Mara ngapi msomi wetu hurejelea vitabu ishirini vya ng'ambo, na tasnifu ya mwenzake iliyo katika maktaba ya chuo hicho hicho hakuifungua?

Nisieleweke kwamba nawalaumu wageni. Mwaka 2016 John Jaszczak wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Michigan na wenzake walitangaza madini mapya kabisa kutoka Mererani, merelaniaiti. Ni nywele ndogo za kijivu zinazong'aa, zenye molibdeni, risasi na vanadi, na ni nyembamba hata mchimbaji wa vito hana sababu ya kuzitazama mara mbili. Walieleza kwamba jina hilo ni heshima kwa wachimbaji wa Mererani. Hilo ni jambo la kiungwana, na tuwashukuru. Lakini kipimo kilifanyika ng'ambo na makala ikaandikwa ng'ambo. Wachimbaji wamepewa heshima wote kwa jumla, kama kijiji. Hakuna aliyeandika kwamba kipande kile kilitolewa na fulani, siku fulani, katika shimo fulani.

Jambo hilo haliwezi kufanywa na Michigan. Linaweza kufanywa Mererani, kwa daftari la shilingi chache na kalamu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kulitumia neno hilo kwa fedha. Mimi naona linafaa zaidi kwa elimu. Maafisa wetu wa madini, wanaposajili uzito na bei ya jiwe, waongeze mstari mmoja: nani aliliona kwanza, na mahali gani. Walimu wa vyuo wawafundishe vijana kutafuta maandishi ya nyumbani kabla ya kuvuka bahari. Na kila anayeandika ripoti ofisini, ahakikishe nakala moja inafika maktaba.

Katika miamba yetu bado yamo mawe ambayo hayajapata jina. Siku moja mtu ataliokota moja, ataligeuza kiganjani, na atajiuliza kama kuna aliyeliona kabla yake. Tukiwa tumeandika, atapata jibu hapa hapa nyumbani, na jina la huyo aliyeliona litakuwa katika mstari wa kwanza.